Kutoka Nansio hadi Ujiji: safari ya kuzifuata boti za mbao

Nimerudi nyumbani Nansio, kisiwani Ukerewe, wiki iliyopita. Haya nimeyaunganisha kutoka kwenye daftari langu, ambalo kona yake moja ililowa ziwani, na kwenye picha za simu. Niliyoyafuata ni boti za mbao za Ziwa Tanganyika: zinavyoundwa, zinavyokarabatiwa, na maisha ya wanaozipanda.

Siku hizi serikali inakopesha wavuvi boti za faiba, na ninamwelewa kabisa mvuvi anayezitaka. Faiba haiozi na haimdai fundi kila msimu. Lakini huku kwetu Ukerewe mafundi wa mitumbwi wanazeeka bila wanafunzi, na mtumbwi ukichoka unapasuliwa kuni. Hakuna aliyeandika uliitwa nani, uliundwa na nani, ulibeba watu gani. Nikataka kwenda mahali ambapo kazi hiyo bado inafanyika ufukweni mchana kweupe, niione kwa macho na niiandike ningali naweza kuwauliza wenyewe.

Kwa nini Ujiji na si kwingine? Kwa sababu ya Lady Alice. Mashua hiyo ya msafiri mpelelezi Henry Stanley iliundwa Teddington, Uingereza, na fundi James Messenger, kwa mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, ikagawanywa vipande ili ibebeke mabegani. Wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo mwaka 1874 hadi Kageye, karibu na Mwanza, ikaunganishwa na kuingia Ziwa Victoria Machi 1875. Ilifika hapa kwetu, na mtawala wetu Lukonge ndiye aliyemkodisha Stanley mitumbwi ya kuwavusha watu wake. Mwaka uliofuata vipande vilevile viliwekwa majini Ujiji, na mashua ikalizunguka Ziwa Tanganyika. Stanley ana sifa zake vitabuni. Mimi nilikuwa nikimfikiria Uledi, mshika usukani wa Lady Alice, na wale walioibeba mabegani njia nzima ya nchi kavu. Njia yao kati ya maziwa haya mawili ndiyo niliyotaka kuifuata, kwa basi.

Alhamisi: Nansio hadi Mwanza

Meli ya kawaida, bahari shwari kama tunavyosema huku ingawa ni ziwa, na usiku mmoja kwa shangazi yangu Kirumba.

Ijumaa: Mwanza hadi Kigoma

Basi liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nililipa Sh 45,000, na kiti cha dirishani upande wa kulia nilikiomba mapema ili nilione ziwa kwenye daraja. Daraja la Kigongo hadi Busisi lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo tulikuwa tunasubiri kivuko, wakati mwingine saa mbili, tukila mahindi ya kuchoma. Sasa ni dakika chache tu. Nilifurahi, nao abiria wenzangu walifurahi, tukawa tunasimama na kupiga picha mpaka kondakta akatuomba tukae. Chini yetu kulikuwa na mitumbwi miwili ya tanga ikielekea upande wa Sengerema. Kutoka juu pale niliweza kuyahesabu mataruma yake, zile mbavu za ndani.

Geita, Runzewe, Nyakanazi. Kutoka Nyakanazi kwenda Kibondo na Kasulu sehemu kubwa sasa ni lami, na wanaoikumbuka barabara ile ya vumbi wanajua hiyo ni habari kubwa. Chakula tulisimamia Kibondo: wali na maharage, Sh 3,000, umepikwa vizuri.

Kwa atakayepita njia hii: usisahau kitambulisho cha NIDA. Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na vizuizini maofisa wa uhamiaji hupanda basi na kuuliza. Mimi niliulizwa zaidi ya mara moja, kwa heshima kabisa, lakini kijana mmoja asiye na kitambulisho alishushwa akatoa maelezo marefu huku basi zima likisubiri.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kasulu, mfanyabiashara wa maharage. Aliposikia naenda Ujiji kutazama boti alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, baba yangu alikuwa anavuka na boti hizo kwenda Kongo kununua vitenge. Waulize wazee, wapo." Aliposhuka Kasulu alimpigia mpwa wake mwenye bajaji Kigoma, akamwambia anisubiri. Tulifika saa tatu usiku na kweli alikuwapo, amesimama mlangoni pa basi akiniita "mgeni wa mama mdogo." Alikataa kunitoza zaidi ya bei ya mafuta.

Jumamosi: Kigoma mjini

Nililala nyumba ya wageni Mwanga, Sh 25,000, maji yapo, chandarua kizima. Asubuhi niliteremka hadi stesheni. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na jengo la Wajerumani bado limesimama juu ya bandari. Watalii wengi huja kumtazama Liemba, meli ya chuma iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande kwenye makreti na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Inastahili heshima hiyo.

Lakini nilipokuwa naitazama ng'ambo, milima ya Kongo ikionekana kwa mbali kwenye ukungu, niliwaza kisa cha Vita Kuu ya Kwanza ambacho hapa hukisikii sana. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za mbao za mkangazi, futi 40 kila moja, kutoka kwenye karakana ya Thornycroft. Zilipewa majina Mimi na Toutou. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mamia ya watu waliofyeka njia na kujenga madaraja ya magogo. Kisha treni tena, mto Lualaba, treni tena, hadi ziwani upande wa Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 ile boti ya Mimi ikashiriki kuizamisha meli nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe wakaizamisha Götzen wasije wakaipoteza kwa adui. Baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nilitembea bandarini nzima. Meli ya chuma inaonekana mpaka kilimani. Za boti zile mbili zilizobebwa juu ya milima sikukuta hata picha ukutani, seuze waliozivuta. Ndivyo mbao zinavyosahaulika, na ndiyo maana naona tuandike sasa.

Mchana nilikula migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo karibu na soko la Mwanga, Sh 6,000. Kama hujawahi kula mgebuka uliokaangwa siku hiyohiyo uliyovuliwa, anza na huo kabla ya kitu kingine chochote Kigoma.

Jumapili: Ujiji

Daladala za Ujiji zinapita Mwanga kila dakika, nauli haifiki Sh 1,000. Nilianzia Makumbusho ya Livingstone, kwenye miembe inayosemekana imetokana na mwembe waliokutania Stanley na Livingstone mwaka 1871. Mwongoza wageni ni kijana mwenye sauti nzuri na anayeijua kazi yake. Nilimuuliza kuhusu mitumbwi, akaacha hotuba yake ya kawaida, tukakaa chini.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mitumbwi waliyoikuta ilikuwa ya gogo moja lililochimbwa, na magogo makubwa yalitoka ng'ambo ya magharibi, Ugoma. Machi mwaka huo Speke alivuka na mtumbwi wa namna hiyo kwenda kumwomba mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu amkodishe jahazi lake. Yaani wakati huo majahazi ya mbao za kuunganisha, ufundi wa pwani, yalikuwa tayari yapo ziwani, lakini machache. Kijana akaniambia, "Ukitaka kuona ufundi huo wa pwani umeishia wapi, teremka na barabara hii mpaka uone maji. Leo ni Jumapili lakini fundi mkuu hapumziki mpaka adhuhuri."

Nikateremka. Barabara inaishia ufukweni, na kabla hujaliona ziwa unasikia nyundo.

Palikuwa na boti tano juu ya magogo. Moja mifupa mitupu, mkuku (uti wa mgongo wa boti) na mataruma bila ubao hata mmoja. Mbili mpya karibu kumalizika. Mbili za zamani zimerudi kutibiwa. Ufukwe wenyewe umekuwa mwembamba, maana maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kumeza eneo walilokuwa wanafanyia kazi zamani. Sasa wamesogea mpaka ukutani pa nyumba za watu. Hakuna mashine hata moja. Tezo, msumeno, randa, patasi, keekee ya kamba, na nyuzi ya kupimia iliyopakwa masizi.

Fundi mkuu alikuwa amekaa kwenye kigogo akinoa tezo. Nikaamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Ukerewe, mzee. Nimekuja kuona boti."

Alinitazama, akaiweka tezo chini. "Ukerewe. Kwenu mnaunda bapa sana chini. Ziwa lenu halina kina. Hili ukilipa bapa linakurudishia."

Anasema kweli. Ziwa Victoria halifiki mita 100 kwenda chini. Tanganyika linafika mita 1,470, la pili duniani, na upepo wa kusi unapolikimbia kwa urefu wake wote wa zaidi ya kilomita 670 unainua mawimbi ambayo mtumbwi wetu usingeyapenda. Boti zao zina mkuku mzito, omo, yaani sehemu ya mbele, iliyoinuliwa juu, na ubavu unaojifungua taratibu kadiri unavyopanda, ili wimbi likija liikute boti inapanda pamoja nalo.

Nilikaa pale mpaka jioni. Nilichokitazama zaidi ni boti mojawapo ya zile za zamani, ya abiria na mizigo, urefu wake hatua ishirini na kitu za mguu wangu. Ubavuni bado iliandikwa kwa rangi nyeupe: SUBIRA. Mwanafunzi mmoja alikuwa akikwangua rangi kwa kipande cha chupa. Chini ya buluu ilitoka kijani. Chini ya kijani ikatoka nyekundu iliyofifia, karibu na rangi ya udongo. Fundi akaniita nisogee, akaweka kidole.

"Nyekundu ni ya mwenye boti wa kwanza. Alikuwa mtu wa Kalya. Kijani, alinunua mtu wa hapa Ujiji, akaenda Hija kwa hela yake. Buluu ni huyu wa sasa."

Kisha akanionyesha ubao wa tatu kutoka chini. Matundu ya misumari yalikuwa mengi kuliko misumari iliyokuwapo, na baadhi yalikuwa ya mraba. Misumari ya mraba ilifuliwa na wahunzi kabla ya ile ya mviringo ya dukani kujaa. Na matundu yenyewe hayakulingana na mataruma ya boti hii. Ubao ule ulitoka kwenye boti nyingine, ya zamani zaidi, ilipovunjwa.

"Ipi, mzee?"

Akalitaja jina lake, na la aliyeiunda, ambaye ni baba yake mdogo. Akaniambia hata mahali ilipovunjiwa. Yote aliyasoma kwenye matundu na kwenye mkato wa tezo, maana kila fundi ana namna yake ya kumalizia ukingo. Niliandika kurasa nne. Majina ya watu yamo daftarini. Waliniruhusu niyaandike, hawakuniruhusu niyatangaze, kwa hiyo hapa sitayaweka.

Ubao mzuri, aliniambia, ni mninga. Unakubali msumari bila kupasuka na hauli maji haraka. Hapa ziwani hawana shida ya minyoo ile ya baharini inayotoboa mbao, kwa sababu haiishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana huoni mtu akipaka boti shahamu na chokaa kama pwani. Adui yao ni kuoza, na kuoza hakuanzii chini kwenye maji kama nilivyokuwa nikidhani, bali juu, mahali maji ya mvua yanapotuama kwenye maungio. Chumvi ya bahari huzuia kuoza. Maji ya ziwa hayana huruma hiyo.

Alasiri walianza kalafati, kuziba nyufa za boti. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa kila mtu akione mara moja maishani. Vijana wawili walikaa kila mmoja upande wake wa boti. Pamba inasokotwa kwa kiganja juu ya paja kuwa kamba laini, inachovywa kwenye mawese, inapangwa juu ya ufa kati ya ubao na ubao, kisha inasukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Pigo la kwanza lina sauti pana. Pamba ikishajaa, sauti inakaza na kupanda. Fundi alikuwa amekaa mbali, ametupa mgongo, anazungumza na mimi, mara akageuka: "Hapo rudia." Alisikia kwa sikio tu kwamba pamba haijajaa. Kijana akarudia, na kweli patasi ilizama tena kama nusu kidole.

"Una wanafunzi wangapi, mzee?"

"Hawa unaowaona. Walikuwa wengi zaidi. Bodaboda inalipa leo jioni. Boti inalipa baada ya miezi."

Ushauri wa kivitendo: ukienda ufukweni Ujiji, usianze kupiga picha. Amkia, kaa, eleza ulikotoka. Picha utapewa, na usipotoa chochote hakuna atakayekudai, lakini mimi niliwaletea soda na mkate, tukala pamoja kwenye kivuli cha Subira.

Jumatatu: Kibirizi hadi Mwamgongo

Boti za kaskazini zinaondokea Kibirizi, kilomita kama 3 kutoka Kigoma mjini. Niliambiwa saa sita mchana. Tuliondoka saa tisa. Boti haiondoki mpaka ijae, na kujaa maana yake ni kujaa kweli: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, magodoro, mbuzi wawili, cherehani, na watu juu ya vyote hivyo. Nauli Sh 7,000. Jaketi okozi nililiomba mwenyewe, kondakta akanipa bila kinyongo. Omba hata kama wenzako hawajavaa, na ukiona upepo umechafuka, lala Kibirizi usafiri kesho. Jumapili boti ni za kubahatisha.

Saa tatu za kusubiri hazikunichosha. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimsuka binti yake, akanisogezea nafasi kwenye gunia lake la unga, akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, napanda boti tu mpaka Mwamgongo na kesho nirudi. Akacheka sana, akawaambia wenzake. Dakika mbili baadaye boti nzima ilikuwa inajua kuna dada kutoka Ukerewe anayependa boti, na kila mtu akawa na kisa cha kunipa.

Mzee mmoja alisema mke wake alijifungua kwenye boti kama hii, kati ya Mwamgongo na Kigoma, njiani kwenda hospitali, na mtoto sasa ni mwalimu. Kijana wa Kagunga akakumbusha mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa kwenye ufukwe wao mdogo maelfu kwa maelfu. Liemba aliwabeba, na dunia ilipiga picha. "Lakini meli haiwezi kusogea ufukweni pale," akasema. "Mtu alifikaje kwenye meli? Kwa mitumbwi yetu. Mchana kutwa tunawabeba, na usiku." Niliandika neno kwa neno.

Tulipotoka nje ya ghuba upepo wa kusi ulikuwa nyuma yetu. Nahodha alisimama tezini, nyuma kabisa, mguu mmoja kwenye mpini wa injini, macho mbele. Mbao zilikuwa zinaongea: kila boti ikipanda wimbi taruma zinalia kidogo, ikishuka zinanyamaza. Mtoto wa miaka kama kumi na tatu alikuwa chini kwenye mkuku akikumba maji kwa kidumu kilichokatwa, bila haraka, huku akila muwa. Hakuna aliyeshtuka. Boti ya mbao huingiza maji kidogo daima, nayo hiyo ni afya yake. Ikikauka kabisa mbao husinyaa na nyufa hufunguka. Ndiyo maana boti iliyowekwa juu muda mrefu hufunikwa majani mabichi na kumwagiwa maji, na ikirudishwa ziwani huvuja siku ya kwanza mpaka mbao zivimbe na kuibana pamba.

Upande wa kulia milima ya Gombe inaangukia ziwani. Tulishusha watu wawili Kasekela, pale aliposhukia Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Julai 1960. Wanaotaka kuingia hifadhini waulizie kwanza ofisi ya TANAPA Kigoma mjini, bei kwa Mtanzania na kwa mgeni hazifanani kabisa.

Baada ya hapo jua lilianza kuzama na maji yakaanza kuturukia. Yule mama wa unga alinivua mtandio wangu uliolowa bila kuniuliza, akanifunika kanga yake ya pili. Tulipofika Mwamgongo giza limeshaingia. Nilikuwa nimepanga kuuliza nyumba ya wageni. Akasema, "Utalala wapi zaidi ya kwangu?" Nilikula ugali na dagaa wabichi waliochemshwa na nyanya, nikalala chumba kimoja na binti zake. Asubuhi nilijaribu kuacha hela ya chakula. Alikataa kuipokea mkononi, nikampa binti mkubwa ya daftari za shule, na hilo akalikubali.

Jumanne: kurudi

Boti ya kurudi inatoka Kagunga usiku na hupita Mwamgongo kabla ya jua. Tulikuwa ufukweni saa kumi na moja alfajiri. Mwezi ulikuwa mchanga, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa kazini usiku kucha. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi. Zamani taa zilikuwa karabai. Sasa ni za betri na sola, nyeupe sana, na ziwa lote lilikuwa na taa mpaka ulipokuwa unadhani ni mji.

Walianza kuingia wakati sisi tunatoka. Tulipita karibu na mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati, watu wanne wakiwa wamechoka, na dagaa wamejaa wanametameta. Nahodha wetu alipunguza mashine ili wimbi letu lisiwasumbue. Mmoja wao akarusha fungu la dagaa ndani ya boti yetu, likaangukia mapajani mwa abiria, watu wakashangilia. Nauli ya kurudi ni ileile.

Jumatano: Ujiji tena

Nilirudi kwa fundi kuaga. Subira ilikuwa imeshamalizwa kalafati upande mmoja. Mwenye boti alikuwapo, mtu mpole, anauza samaki wakavu. Nilimuuliza kwa nini hakopi ya faiba.

"Nimeifikiria, dada," akasema. "Ya faiba ikipasuka Sigunga, nani ataiziba? Hii ikipasuka Sigunga, yupo fundi Sigunga. Ikipasuka Mgambo, yupo fundi Mgambo. Mafundi wakiisha ndipo nitakopa."

Nilimuomba fundi kitu kimoja. Kwa kuwa walikuwa wanabadilisha ubao wa juu uliooza, aandike ndani yake, upande usioonekana, jina lake na mwaka, kabla haujapigiliwa. Alifikiri. Akasema hawajawahi kufanya hivyo, mkono wenyewe ndio saini. Nikamwambia wajukuu wake huenda wasiujue mkono. Akamwita mwanafunzi mdogo kuliko wote, yule wa kukwangua rangi, akampa penseli nyekundu ya useremala. Mtoto aliandika jina la fundi, la baba yake fundi, lake mwenyewe, na mwaka, kwa herufi kubwa zilizopinda. Fundi aliusoma ubao kwa sauti, pole pole, kisha akaushika mwisho mmoja na mwenye boti mwisho wa pili, wakaupeleka mahali pake.

Alhamisi na Ijumaa

Basi, Kibondo, daraja, meli, nyumbani. Jumla ya safari nzima, nauli, malazi na chakula, haikufika Sh 300,000.

Tangu nirudi nimeanza na wazee wa hapa Nansio na Bwisya. Wiki hii nimeandika mitumbwi kumi na mmoja: jina, fundi, mbao, iliishia wapi. Jana fundi wa Ujiji alinipigia. Subira imeshuka majini Jumamosi, imevuja siku mbili kama ilivyo kawaida, sasa imekaza na ipo njiani kwenda Kalya na shehena ya mabati. Mwenye boti amechagua rangi ya njano. Yule mtoto, akaniambia, ameomba aandike na ubao wa boti inayofuata.